Uzi maalumu: Tuliocheza RuneScape enzi za intaneti kafe, njooni hapa. Nimerudi

MvuviWaChumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Uzi huu ni wetu sisi tuliokuwa tukitoka shule, badala ya kwenda nyumbani tunaingia intaneti kafe na sare zetu, tunakata tiketi ya nusu saa na kufungua RuneScape, ile gemu ya mtandaoni ambamo maelfu ya wachezaji wako kwenye ulimwengu mmoja. Kama hukuwahi kuicheza karibu usome, ila nitaongea kama ninavyoongea na wenzangu waliokuwepo.

Mimi ni wa Tanga. Nilianza nikiwa kidato cha pili, 2006. Kafe yetu ilikuwa na zile mashine za skrini zenye kisogo kirefu, feni moja, na kile kisaa kwenye kona kinachorudi nyuma dakika baada ya dakika. Mwenye kafe alikataza kabisa mtu kuweka programu kwenye mashine zake. RuneScape haikuhitaji kuwekwa. Unafungua ukurasa, Java ya kwenye kivinjari inaamka, ule mstari mwekundu unajaa taratibu, umeingia. Na ilikuwa bure. Ndiyo maana ilitufikia sisi, wakati gemu nyingine kubwa za mtandaoni zilitaka diski, mashine yenye nguvu na malipo ya kila mwezi.

Wenyewe ni akina Gower, ndugu wa Uingereza. Andrew Gower ndiye aliyeianza, ikafunguliwa Januari 2001, na kampuni yao, Jagex, ilikuwa Cambridge na bado iko huko. Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichokijua ni Karamja.

Mnakikumbuka kisiwa cha Karamja ndani ya gemu? Unapanda meli Port Sarim kwa sarafu 30, unashuka Musa Point, unapita kwenye shamba la migomba, unafika gatini. Ukiwa na levo 40 ya uvuvi unatega dema na kupata kambakoche. Mfuko unabeba vitu 28 tu na benki hakuna kule, kwa hiyo ukijaa lazima uvuke tena. Ukiishiwa nauli unakwenda kwa Luthas, mwenye shamba, unachuma ndizi kumi, unazipanga kwenye kreti, anakulipa sarafu 30, nauli kamili ya kurudi bara. Mtoto wa Tanga kukuta meli, dema na migomba ndani ya gemu ya Mzungu! Nilihisi wametutengenezea sisi.

Gati lile lilikuwa baraza. Kuvua hakushughulishi mikono: unabofya mara moja, unakaa, unasubiri. Watu waliongea. Kiingereza changu cha kuandika nilikipata pale zaidi ya darasani, kwa sababu kulikuwa na wachezaji waliokuwa na subira ya kunisahihisha sentensi bila kunicheka. Wengine walikuwa wakubwa wa kutosha kunizaa na mimi sikujua. Nilijua majina yao, rangi za nguo zao na saa wanazoingia.

Lakini tuseme ukweli, tulikuwa wageni. Zaidi ya nusu ya ramani ilikuwa ya wanachama wanaolipia, na uanachama ulitaka kadi ya benki. Nani kati yetu alikuwa na mzazi mwenye kadi ya kulipia vitu mtandaoni mwaka 2006? Ukisimama magharibi mwa mji wa Falador, kwenye lile lango la kwenda Taverley, unaona wenzako wanapita na wewe linakukatalia. Nilisimama pale mara nyingi. Nilikuwa nawauliza wanaotoka huko: kuna nini ndani? Nao wananisimulia.

Kisha mambo yakaharibika. Wauzaji wa dhahabu ya gemu kwa pesa halisi walijaza maroboti kila mahali, na uanachama wa maroboti hayo ukawa unalipiwa kwa kadi za wizi. Desemba 2007 Jagex ikaondoa mapigano ya wachezaji kule Wilderness, na mwanzoni mwa 2008 ikafunga biashara huria: usingeweza kumpa mtu kitu chenye thamani inayozidi mno alichokupa yeye. Sababu yao naielewa. Lakini fikiria jumuiya ambamo mwenyeji haruhusiwi kumpa mgeni panga na ngao za maana bure. Mimi vitu vyangu vya kwanza vyote nilipewa. Baada ya hapo gati likapoa, nami nikaingia kidato cha nne, ikaisha hivyo.

Yaliyotokea nikiwa sipo ndiyo yaliyonirudisha.

Mwaka 2011, baada ya kura ya wachezaji wenyewe, biashara huria na Wilderness ya zamani vilirudishwa. Novemba 2012 wakabadilisha mfumo mzima wa mapigano, na watu wakaondoka kwa makundi. Ndipo ikajulikana kwamba kuna nakala ya gemu yote ilivyokuwa Agosti 2007, imehifadhiwa. Februari 2013 wachezaji wakaulizwa: mnaitaka? Karibu kura 450,000 zilipigwa, na tarehe 22 mwezi huohuo milango ikafunguliwa kwa jina la Old School RuneScape. Tangu hapo ikawa desturi kwamba mabadiliko ya gemu yanapigiwa kura kwanza. Zamani yalihitaji asilimia 75 ya kura ili yapite, siku hizi 70. Halafu Oktoba 2018 wakaiweka kwenye simu, na si gemu nyingine iliyopunguzwa. Ni akaunti ileile, ulimwengu uleule, wa simu na wa kompyuta wanasimama gati moja.

Mimi nimeingia mwaka huu. Kwanza nilifungua akaunti ya zamani, ile iliyobaki upande wa gemu mpya, yaani RuneScape iliyoendelea na mabadiliko yake sambamba na Old School. Benki yangu nimeikuta kama nilivyoiacha, na kambakoche wangu wabichi niliopanga kuwapika nikifika levo. Orodha ya marafiki nayo ipo. Wakuu mnajua zile rangi: kijani yuko ulimwengu wako, njano yuko ulimwengu mwingine, nyekundu hayupo. Yote nyekundu, juu mpaka chini. Nimeisoma jina kwa jina, na kila jina nimelikumbuka mwenyewe alikuwa akisema nini.

Upande wa Old School unaanza upya kabisa, levo 3, panga la shaba, huna kitu. Nikapenda. Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo lililonifanya nianzishe uzi. Watu wengi wanaandika kuhusu kurudi kwenye gemu za utotoni kana kwamba ni kwenda kuzuru kaburi. Kwangu imekuwa kinyume. Sasa nalipa uanachama mwenyewe kwa kadi ya mtandaoni ninayoijaza kwa pesa za simu. Nimepita lango la Taverley kwa miguu yangu. Hakuna kisaa kwenye kona. Na kila kura ikija, yangu imo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe ni hiyo kura, na hatukuwahi kupewa enzi zile.

Kwa watu wa pwani niongeze hili. Kwa miaka mingi Old School haikuwa imeongeza ujuzi mpya hata mmoja, kwa sababu mapendekezo yalikuwa yakianguka kwenye kura, la ubaharia likiwemo. Mwaka 2023 likarudishwa, wachezaji wakalipitisha, na Novemba 2025 ubaharia ukaingia. Unaunda chombo chako, unakiongoza mwenyewe baharini. Ile meli ya sarafu 30 bado ipo, ila sasa unaweza kuwa nahodha.

Mko wapi? Mlicheza kafe gani, mji gani, mlikuwa mkifanya nini humo?

---

Kijana_Likoni

Ndugu yangu, umenipeleka mbali sana. Mimi nilikuwa upande wa Mombasa, sisi twaita saiba. Tulikuwa watoto wanne, pesa za saa moja, mmoja acheza watatu twasimama nyuma ya kiti. Kwa hiyo ile akaunti ilikuwa ya wanne. Mmoja wetu akiua ng'ombe Lumbridge akusanye ngozi, mwengine akizipeleka Al Kharid zikatengenezwe, na ukilipa vibaya wapigwa kofi la mgongo na wenzako.

Hadithi ya Falador 2006 mwaikumbuka? Mtu alifikisha levo 99 ya ujenzi akaalika watu kwenye nyumba yake humo ndani ya gemu kusherehekea, seva ikalemewa, akawatoa watu nje, na baadhi ya waliotoka wakawa waweza kupiga watu mahali popote, hata ndani ya mji ambapo hapana ruhusa. Watu walipoteza mali zao barabarani mchana kweupe. Sisi tuliisikia siku kadhaa baadaye, na kwa muda yule mdogo wetu akikataa kupita Falador hata kama twamwambia imesharekebishwa.

Swali langu: jina la akaunti nalikumbuka, lakini barua pepe tuliyoandikia ilishakufa. Yawezekana kuipata?

---

FundiWaNyaya

Mkuu, heshima kwa uzi. Niongeze la kiufundi, kwa sababu nadhani wengi hawajui kwa nini RuneScape ilichezeka huku wakati nyingine zilikuwa zikikwama.

Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, intaneti ya Afrika Mashariki kwenda nje ilikuwa ya setilaiti. Setilaiti hizo zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukibofya, ishara inapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Hiyo ni safari ya kama kilomita 144,000, na hata kwa kasi ya mwanga inakula karibu nusu sekunde kabla hujahesabu foleni ya kafe yenyewe. Gemu ya kulenga na kupiga risasi haiwezi kuvumilia hilo. Ndiyo maana vijana wa Counter-Strike walicheza wao kwa wao ndani ya kafe, kwa waya, bila kutoka nje.

Sasa RuneScape ina mapigo. Seva haisomi mbofyo wako papo hapo. Inasubiri pigo linalofuata, na kila pigo ni sekunde 0.6. Mtu wa London mwenye mtandao mzuri naye anasubiri pigo. Kwa hiyo mtoto wa Tanga na mtoto wa London walikuwa wakikata mti mmoja kwa mwendo unaokaribiana. Haikukusudiwa kwa ajili yetu, lakini ilitubeba. Nimefanya kazi ya mitandao miaka mingi sasa na bado nauheshimu sana mfumo ule.

Pigo bado ni 0.6 mpaka leo. Kwa kebo unalifikia bila tabu.

---

Mpambanaji255

Watu wazima mnakaa mnavua samaki wa kwenye simu. Swali moja tu: kuna hela?

---

MvuviWaChumbageni

@FundiWaNyaya shukrani sana mkuu. Nilihisi tu kwamba ilikuwa inavumilia, sikujua sababu.

@Kijana_Likoni, nenda kwenye ukurasa rasmi wa kurejesha akaunti. Andika kila unachokumbuka: mwaka mlioifungua, mji, nywila za zamani, hata zile mlizobadilisha. Ikishindikana usiumie, maana kwa Old School ungeanza levo 3 vilevile. Ila ya zamani ina orodha ya marafiki, kwa hiyo jaribu.

@Mpambanaji255, nakujibu kwa heshima kwa sababu wengi watauliza. Kuuza dhahabu ya gemu kwa pesa halisi ni marufuku, ukikamatwa akaunti inafungwa. Wapo waliofanya kwa shida za kweli: uchumi wa Venezuela ulipoanguka, watu wa kule walikuwa wakiwinda mazimwi ya kijani usiku na mchana wauze dhahabu wapate chakula, na jambo hilo lilijulikana dunia nzima. Siwahukumu. Lakini mimi siwezi kumshauri kijana aingie kwa nia hiyo. Kinachoruhusiwa ni bondi: mwenye pesa anainunua kwa kampuni, anakuuzia kwa dhahabu ya gemu, nawe unapata siku 14 za uanachama bila kutoa shilingi. Huo ndio mlango halali kwa asiyekuwa na kadi, na laiti ungekuwepo wakati wetu.

---

Binti_Nyegezi

Habari zenu. Mimi nilicheza Mwanza, na nataka kupingana kidogo na mwanzisha uzi.

Kafe ya kwetu wasichana tulikuwa wawili watatu, na kila tukikaa kwenye mashine kuna kaka atasimama nyuma kutufundisha tusichomwomba. Ndani ya gemu hakuna aliyejua mimi ni nani. Nilikuwa mtu mwenye kofia ya bluu anayefua mapanga. Niliheshimiwa kwa nilichojua, na nilikuwa na miaka 14. Hilo sikulipata sehemu nyingine yoyote kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ilipokuja kwenye simu nilirudi kwa hamu, 2019. Nikaondoka baada ya miezi michache. Watu hawaongei! Kila mtu ana mwongozo pembeni unaomwambia njia ya haraka, anahesabu pointi za ujuzi anazopata kwa saa. Nilisimama Varrock nikasalimia, hakuna aliyeitika. Na gemu hii inakula muda bila huruma. Mnajua kwamba levo 92 ndiyo nusu ya safari ya 99? Pointi milioni sita na nusu kati ya milioni kumi na tatu. Mimi ni muuguzi, nina zamu za usiku, nina mtoto. Nilijiuliza natafuta nini humu.

Sisemi msirudi. Nasema lile baraza mimi sikulikuta.

---

MvuviWaChumbageni

Dada, asante kwa kuandika haya, na hilo la kofia ya bluu nimelisoma mara mbili.

Ulichokiona ni kweli. Ukisimama Grand Exchange, soko kuu la gemu, leo utakuta kelele za matapeli tu: nipe laki nikurudishie mbili, kila siku, na kila siku kuna mgeni anayelia. Watu wa haraka wapo na ndio wengi wanaoonekana.

Lakini tangu ulipoondoka kuna jambo limebadilika. Mwaka 2023 walibadilisha ukataji miti. Zamani kila gogo likitoka mti uliweza kuanguka kwa bahati tu, kwa hiyo jirani yako alikuwa adui, anakumalizia mti. Sasa mti unakaa, na mkikata wengi pamoja kila mmoja anapata nguvu ya ziada, mpaka watu kumi. Kwa hiyo watu wanatafutana. Mimi hukata miyuu (miti ya yew) jioni nikitoka kazini, na pale nimekutana na dereva wa malori wa Poland, mama wa Australia anayenyonyesha, na mwalimu mstaafu. Wote walicheza 2006. Tunaongea kodi za nyumba, watoto, mgongo kuuma. Mazungumzo ya utotoni hayapo, na mimi siyatafuti.

Kuhusu muda, nakubaliana nawe kabisa. Mimi sina 99 hata moja, na sina mpango wa kuisaka. Ukifika levo unayotaka unakaa. Hakuna anayekufukuza.

Na kura yako tunaihitaji. Pendekezo lile la miti lilipigiwa kura. Wanaotaka gemu ya kuongea wakiondoka wote, wanaobaki kupiga kura ni wa pointi kwa saa.

---

Swahiba_Muscat

Salaam aleikum. Mimi nilikuwa nacheza na binamu zangu wa Unguja, mimi huku Muscat. Simu ya kupiga ilikuwa ghali, kwa hiyo habari za nyumbani tulipeana tukiwa tunachimba chuma kusini mwa Varrock. Habari ya kufariki bibi yetu niliisoma pale kabla baba hajapigiwa. Sijawahi kumwambia mtu hili. Nimeona uzi nikasema niliandike.

---

Binti_Nyegezi

Pole sana Swahiba. Mungu amrehemu bibi.

Mwanzisha uzi, hilo la miti sikulijua. Zamu yangu inaisha Ijumaa. Naomba unielekeze, nikiingia levo yangu ya kukata miti ni 45 tu, miyuu inanihusu?

---

MvuviWaChumbageni

Swahiba, pole sana ndugu yangu. Asante kwa kutuamini.

Dada, miyuu inataka levo 60. Kwa 45 nenda kwenye mimepo (miti ya maple), inaanzia hapohapo. Ipo nyuma ya benki ya Seers' Village, na ile sehemu ni ya wanachama, kwa hiyo washa uanachama kwanza au tafuta bondi. Chukua shoka zuri kuliko ulilonalo, kama huna nitakupa. Sasa inaruhusiwa.

Jina lako la gemu nitumie kwa ujumbe wa ndani, msiyaweke hadharani hapa, matapeli wanasoma nyuzi kama hizi. Likoni na Swahiba, nanyi vilevile. Ijumaa saa tatu usiku za Afrika Mashariki nitakuwa kwenye mimepo.

---

Kijana_Likoni

Nimewaandikia wale watatu. Wawili wamejibu, mmoja yuko Nakuru, mwengine Doha. Wa tatu namba yake haipatikani, ndugu yake ameniahidi kunitafutia. Nywila ya zamani aikumbuka yule wa Doha, na ni jina la paka wa saiba. Naijaza fomu leo.